Shikamoo Mbele ya Kamera

Sigino,
4 Machi 2023

Mume wangu Feisal,

Asalaam alaykum. Nimekupigia kwa simu ya Baba mdogo Salum, hukupokea. Nikapiga tena, ikakatwa. Basi nimeshika kalamu, maana barua huwezi kuikata katikati. Nitampa kondakta wa basi la Arusha aifikishe huko Mirerani. Simu yangu anayo Mama yako. Ameifungia kabatini kwake Nakwa, anasema ni ushahidi.

Mimi na mwanetu Hadija tuko Sigino kwa Baba mdogo tangu juzi. Sikuja kutembea. Nimerudishwa.

Sikiliza ilivyokuwa, usije ukasikia ya upande mmoja. Juzi ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wangu wa mdomo, ule wa mwisho, uliobaki nimalize shahada ya ualimu. Miaka minne nimesomea chumbani kwetu kwa simu, na kwa nini chumbani wewe unajua. Nilifunga duka letu la Nangara, Hadija nikampeleka kwa jirani, nikasukuma komeo, nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Mwalimu Filbert akatokea kwenye kioo. Ni mtu wa taratibu huyu, hana utani. Sheria yao ni kukagua chumba kabla ya swali lolote, wahakikishe hakuna mtu wala vitabu. Akaniambia nizungushe kamera taratibu. Nionyeshe ukuta. Nionyeshe kitanda. Niinue mto, niinue na shuka.

Sasa Mama alikuwa ametoka Nakwa na majani ya maboga na maziwa, akakuta duka limefungwa mchana kweupe, akapitia uani. Mimi sina habari, kumbe yuko nyuma ya mlango. Alichosikia ni sauti ya mwanamume inamwambia mke wa mwanawe aonyeshe kitanda.

Swali la kwanza nililijibu vizuri, wallahi. La pili ndiyo nafungua mdomo, mlango ukasukumwa, na lile komeo ambalo tangu Maulidi unasema utalitengeneza likang'oka na misumari yake. Feisal, sikufikiri. Magoti yalishuka yenyewe. Bibi yangu wa Tabora alinilea hivyo, mkwe haamkiwi umesimama, na Mama mwenyewe huwaambia watu kwamba alinipenda siku ya kwanza kwa sababu ya hayo magoti. Nikashuka chini nikasema shikamoo Mama. Kwenye kamera kikabaki kiti kitupu.

Akaitikia marahaba, kwa sababu hata akiwa na hasira yule mama hawezi kuiacha salamu chini. Hapo simu ikasema, "Zuwena, rudi nikuone." Akaichukua, akaizima. Akaniambia neno moja tu: "Mwanangu hajajenga gesti hapa."

Sikumjibu. Nilikuahidi sitasema kwamba nasoma. Tangu mke wa kaka yako aende chuo Arusha, akamwachia Mama watoto wawili na asirudi, ulimwapia Mama kuwa mke wako hatasoma. Ulimwapia wewe, si mimi. Kiapo ni chako, kitengue wewe. Mpigie umwambie kwamba ulijua. Na chuoni najua watasema nini: niliulizwa swali, nikainama chini ya meza kuchungulia karatasi, na mwanamke akaingia kuninong'oneza majibu. Wakiamini hivyo wananifuta, na miaka minne imekwenda na maji.

Nangoja.

Mkeo,
Zuwena


Mirerani,
9 Machi 2023

Mama Hadija wangu,

Waalaykum salaam. Barua nimeipata, kondakta yule mstaarabu sana. Samahani kwa simu, ya kwanza nilikuwa shimoni mgodini na ya pili nilikuwa na bosi. Huku kazi imebana. Mashine ya kuvuta hewa imekorofisha na fundi ni mimi peke yangu, siwezi kutoka hata nikitaka.

Yaliyotokea yameniuma. Lakini na wewe, ungeweka hata kiti nyuma ya mlango.

Mama alinipigia siku ile ile. Analia, simu nzima ni kilio. Akaniuliza kama kuna jambo lolote mke wangu anafanya na simu chumbani ambalo mimi nalijua, akataja mpaka masomo. Nikamwambia sijui. Sasa nikirudi kusema nilijua, nimemdanganya mara mbili, na presha yake unaijua. Akianguka watasema nani kamwangusha?

Ushauri wangu ni huu. Kaa hapo kwa Baba mdogo, mambo yapoe. Mwezi Mtukufu huo unakuja, na kwenye mwezi Mama moyo wake hulainika. Baada ya Idi nakuja, tunakaa kikao, tunayamaliza kifamilia. Mtihani uache mwaka huu. Chuo hakikimbii.

Mwambie Hadija baba anamletea vile viatu vya kuwaka taa.

Wako,
Baba Hadija


Sigino,
11 Machi 2023

Feisal,

Nimesoma.

Kumbe uliulizwa, na ukasema hujui. Mimi nilidhani hujaulizwa bado.

Ni kweli, chuo hakikimbii. Anayekimbia namjua.

Viatu vya taa mletee mwenyewe. Nimechoka kuulizwa baba yuko wapi.

Zuwena binti Muzamil


Nangara, Babati,
13 Machi 2023

Bwana Filbert,

Salamu sikupi. Sijui umri wako wala ukoo wako, na hata ningejua nisingekupa.

Mimi ni mama yake Feisal, mwenye nyumba uliyokuwa unaiamrisha kwa simu. Barua yako kwa Zuwena imeingia kwenye sanduku la posta la duka, na dukani sasa nakaa mimi, nimeifungua. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo. Nasoma polepole lakini neno siliruki. Unasema ulikuwa mtihani. Unasema alitoweka mbele ya kamera, unamtaka ajieleze kwa kamati tarehe 27 saa tisa alasiri kwa simu, asipotokea anafutwa. Na mhuri umegonga. Mhuri siku hizi hata kinyozi anao.

Watoto wangu wamefanya mitihani, Bwana Filbert. Mtihani unafanyiwa darasani, madawati yameachana, msimamizi anatembea na viatu vya kugonga sakafu, na nje kuna askari. Hakuna mtihani unaoanza kwa kitanda. Nilisikia kwa masikio yangu haya, inua mto, inua shuka, nikarudi uani kutua mzigo ndipo nikaja kusukuma mlango. Chini ya mto wa mke wa mtu ulikuwa unatafuta nini?

Na kama kweli ni mtihani, basi mimi nilikuwepo nikuambie. Niliingia nikamkuta peke yake. Hana kitabu, hana karatasi, hana hata kalamu. Mezani kuna kopo la sukari na simu. Hakuchungulia popote. Aliniona, akapiga magoti akaniamkia, nikamwitikia. Hatukunong'onezana, mimi sijui kunong'ona. Nilisema neno moja na nililisema kwa sauti yangu yote. Simu niliizima mimi kwa kidole changu. Kwa hiyo usimwandikie kwamba alitoroka. Yule mtoto ana adabu, hata siku ya aibu yake hakuniacha bila salamu. Wewe ndiye uliyemharibu.

Mwanangu nimemwuliza, hana habari na masomo yoyote. Na mwanangu haniongopei.

Usiandike tena kwenye sanduku letu. Ukiandika, barua naipeleka polisi.

Anifa,
Mama Feisal


Kitengo cha Masomo kwa Mtandao,
17 Machi 2023

Mama Anifa,

Shikamoo. Mimi ni kijana wako tu, naomba uniitikie hata kama ni kwa moyo mzito.

Barua yako nimeisoma ofisini na nimeona aibu. Ile amri ya kukagua chumba imo kwenye mwongozo wetu. Nimewasomea wanafunzi wengi, na hakuna siku niliyojiuliza aliye nyuma ya mlango anasikia nini. Waliouandika nadhani walikuwa na vyumba vya kusomea. Watu wetu wanasomea wanapolala. Nakuomba radhi, wewe na nyumba yako.

Lakini ulikuwa mtihani, Mama. Zuwena ni mwanafunzi wetu wa mwaka wa nne, anasomea ualimu. Tunafundisha kwa simu kwa sababu wengi hawawezi kuacha duka, shamba na watoto wakahamia chuoni. Siku ile mtandao ulikuwa unakatikakatika. Niliuliza swali, nikaona kiti kitupu, nikasikia sauti ya mwanamke lakini maneno sikuyapata, kisha giza. Picha ya kiti kitupu ndiyo aliyonayo mwenyekiti wa kamati, na watu tayari wameshasema huyu aliingiziwa majibu.

Wewe ndiye mtu pekee uliyeona. Uliyoyaandika kwa kunikaripia ndiyo yanayomtetea, hakuna mwingine wa kuyasema. Ila kamati haichukui maneno ya shahidi kwenye karatasi, inataka kumwona na kumwuliza. Na inapokea simu ile iliyosajiliwa tu, ambayo nadhani unayo wewe. Tarehe 27, saa tisa, nitaipiga mimi. Usipopokea sitakulaumu.

Neno la mwisho, na nalisema kwa woga maana ya nyumbani kwenu siyajui. Umeandika kwamba mwanao hana habari. Mwaka wa kwanza huwa tunaonana na familia kwenye kamera. Bwana Feisal alikaa pembeni ya mkewe, amempakata mtoto, akaniambia, "Mwalimu, huyu ana akili kuliko mimi. Mkazanie." Nilipenda alivyosema, ndiyo maana nakumbuka.

Wako mtiifu,
Filbert Aminiel,
Mratibu


Sigino,
22 Machi 2023

Mama,

Shikamoo. Nimeandika kwa sababu Baba mdogo amenikataza kuvuka mlango wako mpaka niitwe, na siku zinapita sijaitwa. Barua hii ataileta yeye mwenyewe, atakuachia, hatakaa.

Nilikuwa nasoma, Mama. Mwanamume uliyemsikia ni mwalimu, na alikuwa anakagua kama nimeficha vitabu. Mwezi unaandama kesho au keshokutwa, siwezi kukudanganya nikaufunga na uongo mdomoni.

Utaniuliza nani nyumbani alijua na nani hakujua. Hilo sitalisema. Si kwamba nakudharau. Kuna mwenye kulisema, na si mimi.

Neno la gesti bado sijalimeza. Nakuambia usije ukadhani limepita. Hadija aliniuliza gesti ni nini, nikamwambia ni nyumba ya wasafiri, akasema basi sisi ni wasafiri. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi la Baba mdogo.

Najua unachoogopa. Shemeji alikwenda chuo hakurudi, na wewe ukaanza kulea upya na miguu inauma. Lakini mimi nimesoma miaka minne, je, kuna Ijumaa niliyokosa kuja Nakwa kukufulia? Chuo hiki nilikichagua kwa sababu hakinitoi nyumbani. Ningetaka kuondoka ningeondoka mwaka wa kwanza, basi la Arusha linapita mbele ya duka.

Nilikwenda steshenari pale mjini nikaomba kompyuta, nikaona naitwa kwenye kamati tarehe 27 saa tisa. Wanataka simu yangu ile, nyingine hawapokei. Nisipotokea nafutwa. Naiomba kwa saa moja, Mama. Ukitaka kaa karibu yangu usikie kila neno. Na ukikataa nitakubali, wewe ni mama yangu. Ila sitasema nilikosa, kwa sababu sikukosa.

Mwanao,
Zuwena


Kitengo cha Masomo kwa Mtandao,
28 Machi 2023

Ndugu Zuwena,

Kamati ya nidhamu ya mitihani ilikaa jana saa tisa alasiri. Hukutokea.

Kwa kanuni zetu mhusika asipotokea shauri humalizwa bila yeye, na barua ya kukufuta ilikuwa imekwisha chapwa, iko mezani inangoja sahihi. Nilipiga simu yako kwa kutimiza wajibu. Iliita mpaka nikakaribia kukata. Kisha ikapokelewa, na aliyepokea ni mama mkwe wako.

Yaliyosemwa nadhani atapenda kukueleza mwenyewe. Mimi nakuletea uamuzi. Huna kosa. Alama za swali la kwanza zimehifadhiwa, nazo ni nzuri. Utaendelea kuanzia swali la pili tarehe 6 Aprili, saa nne asubuhi. Ile amri ya kuonyesha kitanda na mto imefutwa, na nimeagizwa kuiandika upya kwa namna ambayo ningeweza kuisoma mbele ya mama yangu mzazi.

Barua hii naipitisha kwenye sanduku la duka. Ruhusa nimepewa.

Filbert Aminiel,
Mratibu


Nakwa,
31 Machi 2023

Mama Hadija,

Barua yako niliipata kabla ya siku yenyewe. Sikukuita, na nilifanya makusudi. Nilitaka nikayasikie peke yangu, maana masikio yangu yalishanidanganya mara moja.

Tena yule mwalimu alikuwa ameshaniandikia. Kwamba Feisal alijua, nilikuwa najua tayari, nilipofungua barua yako. Nikaisoma polepole, nangoja nione utamtaja wapi. Hukumtaja. Nilipofika kwenye ule mstari wa hilo sitalisema, niliikunja, nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji.

Tarehe 27 nilikwenda Nangara, nikakaa kwenye kiti chako, simu nikaiegemeza kwenye lile kopo. Ikaita. Niliitazama muda mrefu, nikuambie kweli. Nilikuwa nafikiri, nikinyamaza tu, huyu hatakwenda kokote, atarudi dukani na mambo yataisha. Ilikuwa rahisi hivyo. Nikaipokea.

Walikuwa wanaume watatu na mama mmoja. Filbert akaniamkia, safari hii nikamwitikia. Mwenyekiti akasema kwa taratibu zao kwanza nizungushe kamera waone chumba. Filbert alitaka kumzuia, nikamwambia amwache. Nikazungusha. Ukuta, mlango uliong'oka komeo, kitanda. Akasema niinue mto, na mkono wangu ukakataa. Mimi mtu mzima, mwenye wajukuu, nimesimama nawaonyesha watu nisiowajua mto wa mkwe wangu, na hata hakuna aliyenisukumia mlango. Nikajua siku ile ulikuwa umesimama wapi.

Nikawaambia nimefunga, na aliyefunga hasemi uongo. Nikasema, "Mtoto alikuwa peke yake. Aliyeuharibu mtihani ni mimi." Mwenyekiti akauliza kwa nini hukusema tu subiri niko kwenye mtihani. Nikamwuliza, wewe mkweo akiingia humwamkii, unamwambia subiri? Yule mama akaandika kitu, akasema inatosha.

Neno la gesti nalirudisha. Najua neno kama lile halirudishwi kwa karatasi. Nitakuja Sigino Jumapili nilirudishe mbele ya Baba mdogo wako na mbele ya Hadija, kwa sababu wao ndio waliokuwa nawe ukilia.

Niliogopa, Mama Hadija. Masomo hayajanifanya kitu. Niliogopa kubaki na mtoto mwingine anayeniuliza mama anarudi lini. Nimelisema, sitalirudia.

Feisal nimempigia. Sikulia safari hii. Nilimwambia nimeshajua. Akaleta habari za mashine na baada ya Idi, nikamwambia kama anangoja Idi, basi Idi akale na hiyo mashine yake. Kesho yake alikuwa hapa, mashine imepona yenyewe. Yuko Nangara anapigilia komeo jipya, la chuma. Atakuja nami Jumapili. Kumsamehe au kutomsamehe ni juu yako, mimi simwombei.

Simu ninayo kwenye mkoba, nimeichaji.

Tarehe 6 nitatandika mkeka nje ya mlango wako na hatapita mtu, awe mteja, awe mumeo. Lakini mimi ni mzee, naweza kusahau nikaingia. Nikiingia usishuke chini. Kaa kwenye kiti chako, mtazame mwalimu, umjibu. Shikamoo ya siku hiyo naiitikia leo hapa.

Marahaba.

Mama yako,
Anifa